Jaribio limefeli kwenye kompaila moja tu: nani mwenye kosa?

Umeandika maktaba ndogo ya hesabu kwa lugha ya C. Kwenye laptopu yako ya Intel majaribio yote yanapita. Rafiki yako anaichukua, anaijenga kwa GCC kwenye Raspberry Pi yake ya biti 64, na jaribio moja linafeli. Anarudia kwenye mashine ileile kwa Clang ya zamani: linapita! Sasa umlaumu nani?

Wengi wetu hapo tunakimbilia njia ya mkato: kuagiza jaribio lirukwe kila ikitumika GCC. Alama zote zinarudi kuwa za kijani, maisha yanaendelea. Lakini subiri kidogo. Hebu tuone jaribio lilikuwa linatuambia nini.

Tuseme linahusu pembetatu mraba. Unajua upande mrefu c na upande mwingine a, unatafuta wa tatu: sqrt(c*c - a*a). Ukiweka c na a zote 0.1, jibu ni sifuri, si ndiyo?

Shida ni kwamba kompyuta haina 0.1 kamili. Inahifadhi namba iliyo karibu sana nayo, na kila ikizidisha inakadiria tena ili jibu litoshee kwenye biti 64. Zidisho zote mbili zikikadiriwa kwa namna moja, kosa ni lilelile pande zote, na ukitoa unabaki na sifuri.

Kumbe prosesa za ARM za biti 64 zina amri inayozidisha na kujumlisha au kutoa kwa mpigo mmoja, na kukadiria mara moja tu mwishoni. Ni ya haraka, na mara nyingi ni sahihi zaidi. Ila hapa kwetu zidisho moja linakadiriwa na lingine halikadiriwi. Inabaki tofauti ndogo inayoanza kwenye nafasi ya 19 baada ya nukta. Ikiwa chanya, unapata upande wa karibu 0.0000000009. Ikiwa hasi, unaomba kipeuo cha pili cha namba hasi, na jibu ni NaN, yaani “si namba”. NaN hiyo ikiingia kwenye hesabu zinazofuata, nazo zinaharibika.

Je, GCC imekosea? Hapana. Kanuni za lugha ya C zinaruhusu kuunganisha hesabu hizo ndani ya mstari mmoja. GCC hufanya hivyo bila kuombwa pale prosesa inaporuhusu. Clang ilianza toleo la 14, mwaka 2022. Laptopu yako ilipona kwa sababu GCC haitumii amri hiyo kwenye Intel mpaka uiambie, maana prosesa za zamani hazina. Kwa hiyo mwenye kosa ni msimbo wako: ulitegemea kitu ambacho hakuna aliyekuahidi.

Ungeweza kuzima muunganisho kwa -ffp-contract=off, lakini atakayeijenga maktaba bila chaguo hilo atarudi palepale. Dawa nzuri ni kuandika sqrt((c - a)*(c + a)). Sasa c ikilingana na a, kutoa kunaleta sifuri kamili kabla hata ya kuzidisha, kwa kompaila yoyote.

Kuna wakati kompaila yenyewe ndiyo yenye kosa. Hapo punguza msimbo mpaka mistari michache inayoonyesha tatizo, uwaripoti wanaoitengeneza, kisha weka alama kwamba jaribio “linatarajiwa kufeli”, kwa toleo hilo tu la kompaila, ukiandika na sababu. Usiliruke kabisa. Jaribio lililorukwa halisemi kitu tena. Linalotarajiwa kufeli litakushtua siku litakapoanza kupita, nawe utajua kompaila imerekebishwa na alama yako iondoke.