KUSOMESHA WATOTO PAMOJA: HESABU VITABU KABLA YA KUPANGA RATIBA



Siku hizi kuna wazazi Wakristo ambao wangependa kusomesha watoto wao wenyewe, nyumbani au katika jengo la kanisa, wakisaidiana nyumba kadhaa pamoja. Sababu zao si moja. Wengine wanataka Neno la Mungu liwe msingi wa kila somo. Wengine wana mtoto mgonjwa, au shule iko mbali na mto hujaa wakati wa mvua. Wengine wanaona mtoto amefika Gredi ya 5 na bado hawezi kusoma ukurasa mmoja bila kukwama. Nia ni njema. Lakini nia bila mpango huleta hasara, na katika jambo hili anayelipa hasara ni mtoto. Kwa hiyo tuangalie hatua kwa hatua.

SIO JAMBO GENI KWETU

Wazee wetu walianza masomo wakiwa na vitabu vichache sana. Wamisionari Waadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, hakukuwa na vitabu vya kusomea kwa Dholuo. Arthur Carscallen alijifunza lugha ya watu, akaandika sarufi yake, na kufikia mwaka 1913 kiwanda cha kuchapa kilikuwa kimeanzishwa pale pale Gendia. Baada ya uhuru wa 1963, wazazi walijenga shule nyingi za upili kwa harambee, huku wengine wakitoa ng'ombe na wengine wakibeba mawe. Na nasari ngapi zimeanzia kwenye benchi za kanisa?

Basi wazazi kushika elimu mikononi si kitu kigeni. Kilichobadilika ni sheria na mitihani. Hapo ndipo tuanzie.

HATUA YA KWANZA: JUENI MNASIMAMA WAPI KISHERIA

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Mzazi anayekataa anaweza kushtakiwa. Sheria hiyo haina sehemu inayoeleza wazi jinsi ya kusomesha mtoto nyumbani tu. Kwa hiyo msidanganyane kwamba ni ruhusa kamili, mradi mnaomba Mungu.

Kuna njia tatu mbele ya kikundi:

1. Watoto wabaki shuleni, na kikundi kiwasaidie kusoma Jumamosi au jioni. Hii ndiyo njia nyepesi. Lakini mkumbuke kwamba sheria ya 2013 inakataza wanafunzi kuwekewa masomo ya ziada wakati wa likizo. Kabla ya kupanga chochote cha likizo, ulizeni ofisi ya elimu.

2. Kikundi kifungue shule ndogo iliyosajiliwa. Kazi ni kubwa: walimu waliosajiliwa, vyoo, ukaguzi. Lakini mtoto anakuwa na jina katika shule inayotambuliwa.

3. Watoto wasome nyumbani tu. Njia hii ndiyo ngumu kuliko zote, na sababu kubwa ni mitihani.

Sikilizeni jambo hili vizuri. Zamani, mtoto wa 8-4-4 alikuwa akipimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Katika mtaala wa umilisi, alama zinakusanywa njiani. Kundi la kwanza lililofanya tathmini ya Gredi ya 9 (KJSEA) mwaka 2025 lilihesabiwa hivi: asilimia 20 ilitoka kwa tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA), asilimia 20 ikatoka kwa kazi iliyopimwa shuleni Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ikatoka kwa KJSEA yenyewe. Maana yake ni kwamba asilimia 40 ilikuwa imeshaandikwa kabla mtoto hajaketi kwa mtihani wa mwisho. Sasa mtoto ambaye hakuwa katika rejista ya shule yoyote, hizo 40 atazitoa wapi? Hata kama ana akili kama Suleimani, karatasi haina jina lake.

Kwa hiyo, kabla mtoto yeyote hajatolewa shuleni, nendeni watu wawili au watatu kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo. Ulizeni maswali mawili tu: mtoto wetu ataandikishwa shule gani, na atafanyia tathmini wapi? Mkikosa jibu la wazi, msimtoe. Shikeni njia ya kwanza.

HATUA YA PILI: PIMENI SAA MLIZO NAZO

Gredi ya 4 hadi ya 6 zina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Zidisheni: ni dakika 1,225, yaani zaidi ya saa 20. Kikundi kinachokutana Jumamosi kwa saa 3 hakiwezi kushika mahali pa shule. Lakini saa 3 zinatosha kabisa kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na hesabu za msingi, mkizitumia kwa hayo tu. Chagueni kitu kidogo mkifanye vizuri. Mshika mbili moja humponyoka.

HATUA YA TATU: ANDIKENI WATOTO, HALAFU VITABU

Vikundi vingi hukosea hapa. Wanaanza kwa kuchora ratiba nzuri ukutani, kisha wanagundua kitabu cha Sayansi ni kimoja na watoto watatu wa gredi tatu wanakitaka. Anzeni na daftari. Andikeni jina la kila mtoto, umri, gredi, na kama anaweza kusoma peke yake. Ukurasa wa pili andikeni kila kitabu kilichoko katika kila nyumba.

Mkikagua vitabu, tazameni mambo matatu.

Kwanza, ni vya mtaala upi? Kitabu kilichoandikwa "Darasa la Nne" ni cha 8-4-4. Msikitupe. Hadithi ni hadithi, na kujumlisha hakujabadilika. Lakini kisiwe kitabu cha kuongoza masomo. Vitabu vilivyoidhinishwa kwa mtaala wa sasa viko katika orodha ya KICD, na mwalimu mkuu wa shule jirani anaweza kuwaonyesha.

Pili, ni cha nani? Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja katika shule za umma. Kitabu chenye muhuri wa shule ni mali ya shule. Mtoto akija nacho, arudi nacho.

Tatu, kinatumika mara ngapi? Kuna vijitabu vya masomo ya Kikristo kutoka ng'ambo, kama vile vya Accelerated Christian Education, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1970. Mtoto anajisomea polepole na kujaza majibu ndani ya kijitabu. Vimepangwa vizuri, lakini vikishajazwa vimekwisha, na mdogo wake anahitaji vingine vipya. Tena havifuati mtaala wa Kenya. Mtoto atakayefanya mitihani ya hapa atahitaji vitabu vya hapa pia.

HESABU YENYEWE

Tuseme kikundi kina watoto 12: wanne Gredi ya 4, wanne ya 5, wanne ya 6. Gredi hizo zina masomo 8: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo, Masomo ya Jamii, na Sanaa. Kila mtoto akinunuliwa vyote, ni vitabu 96. Nani ataweza?

Sasa pangeni hivi. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili ni masomo ya kila siku, kwa hiyo nunueni nakala mbili kwa kila gredi: 3 mara 3 mara 2, ni 18. Masomo mengine matano yanatosha nakala moja kwa kila gredi: 5 mara 3, ni 15. Jumla ni 33. Kutoka 96 mmeshuka hadi 33. Nunueni 18 kwanza, na zile 15 muhula unaofuata. Chama cha meri-go-raundi kinaweza kutoa zamu moja kwa mwaka iwe ya vitabu.

Watoto wawili kwa kitabu kimoja wakae bega kwa bega, wasiketi wakitazamana. Wakitazamana, mmoja anazoea kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Kitabu cha watoto wanne, mmoja asome kwa sauti na wengine waandike, kisha wapokezane.

Kila kitabu kipewe nambari na kivikwe karatasi ya kaki. Kiwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, maana mchwa hawajui mtaala. Achaguliwe mtu mmoja wa kuandika nani amechukua na lini amerudisha.

HATUA YA NNE: RATIBA IFUATE MAISHA YA WATU

Sasa ndiyo mchore ratiba. Mlezi mmoja anaweza kuangalia gredi tatu akipanga zamu: anafundisha Gredi ya 4 kwa nusu saa huku ya 5 wakiandika zoezi na ya 6 wakisomeana, halafu anabadilisha. Elimu ya Dini, nyimbo na Sanaa wafanye wote pamoja. Mkubwa amsomee mdogo, maana anayefundisha hujifunza mara mbili.

Angalieni pia kazi za mahali penu. Kule ziwani, omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi akina mama wanaanika. Mbalamwezi ikiwa kamili uvuvi hupungua, na hapo akina mama wana nafasi ya kufundisha. Basi kikundi cha ziwani kinaweza kuweka masomo mazito katika siku hizo. Kule Awendo kuna miwa, na Nyatike kuna machimbo ya dhahabu ambayo huvuta watoto wakubwa. Mwezi wa Machi na Aprili kila mtu yuko shambani. Ratiba isiyojua haya itakufa wiki ya pili.

LUGHA IPI?

Kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3, anzeni kusoma kwa lugha wanayoielewa: Dholuo, Kikuria, au Kisuba pale inapozungumzwa bado. Mtaala wenyewe unaruhusu. Mahali kama Isebania ambapo watu wamechanganyika, Kiswahili kitawafaa wote. Mtoto akishajua kwamba herufi zinasema neno analolijua, lugha nyingine zitafuata upesi.

MAMBO YA KULINDA

- Wakubwa wawili wawepo kila wakati. Mtu mzima mmoja asiachwe peke yake na mtoto, hata awe mzee wa kanisa.
- Wekeni rejista ya mahudhurio. Siku afisa akiuliza, daftari lijibu.
- Wekeni nakala za vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti, kuandikisha mtoto kwa tathmini ni taabu.
- Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na pesa zitolewe kwa sahihi zaidi ya moja.
- Kila mwisho wa muhula, kila mtoto asome ukurasa mmoja mbele ya wazazi wote. Asiyeweza asichekwe, mpango wake ubadilishwe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kati ya njia tatu, sisi tunaweza ipi kweli, si kwa maneno?
2. Nyumba zetu zina vitabu vingapi leo? Nani atavihesabu kabla ya mkutano ujao?
3. Ni wiki gani za mwaka ambazo hakuna mzazi atakayepata nafasi? Tutafanya nini wiki hizo?
4. Nani wawili watakwenda ofisi ya elimu, na lini?

Msiharakishe kufungua. Muhula mmoja wa kupanga si hasara. Hasara ni mtoto aliyesomeshwa miaka mitatu kwa upendo mwingi, halafu siku ya mtihani anaambiwa jina lake halipo. Haba na haba hujaza kibaba: anzeni na vile vitabu 18, Jumamosi moja, na daftari lililoandikwa vizuri. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.