Pasi ya Makaa na Pasi ya Umeme: Joto, Mkondo na Lugha ya Kuyaeleza

Utangulizi

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya siasa na ya soko, lakini kwamba kinapofika mlangoni pa maabara hakina budi kuketi barazani na kukiachia Kiingereza kiingie peke yake. Dai hili halithibitishwi wala halikanushwi kwa maneno matupu, kwani lugha hupimwa kwa kazi. Makala haya, basi, yanakusudia kueleza kanuni za msingi za usafiri wa joto pamoja na viungo vichache vya umeme, na kila inapobidi kuyachunguza maneno yenyewe ili ionekane yanasaidia wapi na yanapotosha wapi. Mfano uliochaguliwa ni pasi, kwa sababu ni chombo kinachojulikana mijini na vijijini, na kwa sababu kimepitia hali mbili: kwanza cha makaa, kisha cha umeme, baada ya Henry Seely wa New York kupewa hataza ya pasi ya umeme mnamo 1882.

Joto na Halijoto

Neno la kwanza linalohitaji uangalifu ni joto lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa "leo kuna joto" au "maji ya moto", na wasikilizaji huelewana pasipo taabu. Mwanafizikia, hata hivyo, hutenga mambo mawili. Joto ni nishati inayotoka katika kitu chenye moto zaidi na kuingia katika kitu chenye moto kidogo. Halijoto ni kipimo cha hali ya kitu hicho, nacho husomwa kwa nyuzi. Cheche inayoruka kutoka jikoni ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini ikitua mkononi huacha alama ndogo tu, kwa kuwa joto iliyobeba ni haba. Karai la maji ya kuoga lina halijoto ndogo zaidi, ila joto lake latosha kuyeyusha barafu nyingi. Neno halijoto limeunganishwa kutokana na hali na joto, na muundo wake wafundisha somo lenyewe: hali si kiasi.

Tofauti hii ina matokeo jikoni. Mombasa, iliyo kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyoinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa sababu hewa ya huko hukandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi. Mpishi wa Nairobi aweza kuchochea makaa mpaka jiko liwe jekundu, lakini maharagwe katika sufuria ya kawaida hayatapita nyuzi hizo. Atakuwa ameongeza joto, si halijoto. Na joto hilo la ziada litaishia kuyageuza maji kuwa mvuke.

Yafaa pia kuutazama msemo "baridi imemwingia". Kwa mujibu wa fizikia, baridi haiingii popote. Ni joto linalotoka. Mtu akishika pasi alfajiri, kabla haijatiwa moto, bamba la chuma humwonekea baridi kuliko kipini cha mbao, ingawa vyote viwili vimelala chumba kimoja na halijoto yake ni moja. Chuma hunyonya joto la kiganja upesi. Mbao hulinyonya polepole. Mkono, kwa hiyo, haupimi halijoto. Hupima kasi ya joto kuondoka. Msemo huo si kosa la Kiswahili, maana kila lugha ina misemo iliyotangulia sayansi. Kosa ni la mwalimu asiyeutaja darasani na kuonyesha mpaka wake.

Njia Tatu za Usafiri wa Joto

Joto husafiri kwa njia tatu, na istilahi zake zilizozoeleka katika masomo ya sayansi ya Kiswahili ni mpitisho, msafara na mnururisho.

Katika mpitisho, chembe za kitu hazihami; kila moja hutikisika na kumtikisa jirani yake, kama watu waliojipanga kutoka kisimani hadi penye moto wakipokezana ndoo. Ndoo husafiri, watu hubaki mahali pao. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri sana, chuma hupitisha kwa takriban sehemu moja ya tano ya shaba, na mbao kwa kiasi kidogo mno. Hewa iliyotulia hupitisha kidogo zaidi ya mbao, ndiyo sababu blanketi, ambalo kwa kweli ni mtego wa hewa, huhifadhi joto la mwili.

Katika msafara, chembe zenyewe huondoka na mzigo wao. Hewa iliyopata moto hutanuka, huwa nyepesi, hupanda, na hewa baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Neno hili lilichaguliwa kwa busara, maana hukumbusha misafara ya kale iliyobeba mizigo kutoka bara hadi pwani: aliyebeba ndiye aliyesafiri.

Katika mnururisho, joto halihitaji mpokezi wala mchukuzi. Husafiri kama nuru, hata pasipo na hewa yoyote, na hivyo ndivyo joto la jua linavyoifikia dunia. Mzizi wa neno ni nuru hiyo hiyo, na mwanafunzi anayelijua neno amekwisha kuijua nusu ya maana.

Pasi ya makaa hukusanya njia zote tatu. Makaa mekundu hunururisha joto kwenye kuta na bamba. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni, hupata moto na kupanda, ikivuta hewa mpya ya kuyalisha makaa. Kisha joto hupita katika bamba la chuma kwa mpitisho hadi kwenye nguo. Kasoro zake zajulikana. Halijoto yake haina mdhibiti ila mkono na uzoefu wa mpigaji pasi. Zaidi ya hayo, makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumwua mtu usingizini.

Umeme na Viungo vya Pasi

Neno umeme hapo awali lilitaja mmuliko wa ghafla mawinguni. Limepanuliwa sasa hata likataja nguvu inayopita katika waya. Mkondo nao umetoka mtoni. Mlinganisho wa maji wafaa sana: volteji ni kama urefu wa maporomoko yanayoyasukuma maji, mkondo ni wingi wa maji yapitayo kwa wakati fulani, na ukinzani, kutokana na kitenzi kukinza, ni ule upinzani wa mfereji mwembamba. Georg Ohm alitangaza uhusiano wao mnamo 1827: mkondo ni volteji iliyogawanywa kwa ukinzani. Lakini mlinganisho una mwisho wake. Bomba likikatika, maji humwagika. Waya ukikatika, umeme husimama, kwa sababu mkondo huhitaji saketi, yaani njia kamili inayotoka na kurudi. Swichi si kitu kingine ila mahali ambapo njia hiyo hukatwa na kuunganishwa kwa hiari.

Chukua pasi ya wati 1,000 inayotumia umeme wa volti 240, kama ule wa majumbani nchini Kenya. Mkondo wake ni ampea 4.2 hivi, na ukinzani wake karibu omu 58. Hapa huzuka swali: kwa nini kamba ya pasi hushikika, ilhali bamba laweza kuunguza nguo, na mkondo upitao humo ni ule ule? Jibu lilitolewa na James Joule mnamo 1841: joto linalozaliwa katika waya hutegemea ukinzani wa waya huo, na hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Kamba ni ya shaba, ambayo ukinzani wake ni mdogo. Waya wa ndani ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi uliopewa hataza nchini Marekani mnamo 1906 kwa kazi ya Albert Marsh; kwa urefu na unene ule ule, hukinza zaidi ya mara 60 kuliko shaba, na huwa mwekundu bila kuliwa upesi na hewa.

Waya huo sharti utengwe na bamba kwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, lakini kihami hicho kisiungue. Katika pasi nyingi za zamani kazi hii ilifanywa na ulanga, madini yanayobanduka kama kurasa, ambayo yamewahi kuchimbwa katika milima ya Uluguru, Tanzania. Mdhibiti wa halijoto ni thamostati: vipande viwili vya metali mbalimbali vilivyogandamana. Vikipata moto, kimoja hutanuka kuliko mwenziwe, vyote hupinda, na saketi hukatika. Vikipoa hunyooka, na mkondo hurudi.

Viungo viwili vilivyobaki ni walinzi. Waya wa ardhi huunganisha mwili wa pasi na ardhi, ili waya wenye umeme ukigusa chuma, mkondo ukimbilie huko badala ya kumpitia mtu. Fyuzi ni waya mwembamba uliokusudiwa kuyeyuka kabla ya kitu kingine kuungua. Kwa pasi iliyotajwa, fyuzi ya ampea 5 yatosha. Fyuzi iliyokatika haijaharibika. Imetimiza wajibu wake na kutoa habari. Mwenye nyumba anayeweka mahali pake kipande cha waya mnene au karatasi ya sigara yenye kung'aa amemnyamazisha mlinzi huyo. Mkondo ukiongezeka mara tatu, joto ndani ya nyaya za ukutani huongezeka mara tisa, nalo hujificha humo mpaka siku dari itakapotoa moshi.

Hitimisho

Nchini Tanzania, Kiswahili kimefundishia sayansi katika shule za msingi za umma tangu miaka ya mwisho ya 1960, na mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nchini Kenya, katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ingawa sayansi yaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza kanuni ya Joule, akaiandika katika mtihani, kisha akarudi nyumbani ambako mzazi wake anafunga fyuzi kwa waya wa kuokota. Kanuni na waya vimo chini ya paa moja, lakini havijakutanishwa, kwa kuwa mtoto hajapewa maneno ya kumwambia mzazi wake kwa nini jambo hilo ni hatari.

Hapa ndipo kazi ya istilahi inapoonekana kuwa zaidi ya shughuli ya kamusi. Maneno mengi yamekwisha kupatikana: mengine yametoka mtoni, mengine njiani, mengine katika nuru. Linalosalia ni kuyatoa kabatini na kuyatumia, mpaka neno ukinzani lisikike fundi anapozungumza na mteja wake kama linavyosikika neno mkondo kwa mvuvi.