Baraka: Kazi mbili, kodi ya mshahara hukatwaje?

Mjini Baraka na kwingineko Fizi, si ajabu muuguzi kuhudumu asubuhi kwenye kliniki ya binafsi na jioni kwenye mradi wa shirika la misaada. Kila mwajiri hukata kodi ya mishahara na kuilipa DGI kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Kwa viwango vilivyozoeleka, faranga 162,000 za kwanza kwa mwezi hukatwa asilimia 3. Zinazofuata hadi 1,800,000 hukatwa asilimia 15, kutoka hapo hadi 3,600,000 asilimia 30, na zinazozidi hapo asilimia 40.

Tuseme muuguzi huyo anabaki na 1,200,000 kila upande baada ya mchango wa CNSS, bila punguzo la familia. Kila mwajiri atakata 160,560, jumla 321,120. Lakini mishahara hiyo ikihesabiwa pamoja, kodi inafika 430,560. Tofauti ni faranga 109,440 kwa mwezi, kwa kuwa kila mwajiri huanza upya na kiwango cha chini.

Mwenye kazi mbili atunze karatasi zote za mshahara na aulize DGI mapema, kabla pesa hiyo haijaishia kwenye masomo ya watoto.