Fahamu: Asali halisi hupimwaje?

Asali halisi hutengenezwa na nyuki, hasa kutokana na mbochi wa maua, na haiongezwi sukari wala kitu kingine chochote.

Maabara huangalia nini?

Kwanza, maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka yasizidi asilimia 20, kwani yakizidi asali huweza kuchachuka. Refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi, humwezesha hata mfugaji nyuki wa Tabora kupima mwenyewe.

Kisha HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa sana. Kikomo chake ni miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto.

Sukari ya miwa au mahindi hugunduliwa kwa kulinganisha aina za kaboni. Sharubati ya mchele hukwepa kipimo hicho, hivyo huhitaji vipimo vya gharama zaidi.

Vipi vipimo vya nyumbani vya kiberiti na glasi ya maji?

Havithibitishi uhalisi. Kuganda nako si dalili ya sukari; asali halisi nyingi huganda. Ile ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi kiasili, na kuikataa kwa wepesi wake ni kuionea.

Ukinunua kwa bei ya juu, omba majibu ya maabara.