Daftari la umudugudu

Habari nyingi za mitaa ya Kigali zinazowafikia Wanyarwanda walio nje zina sura moja. Umudugudu fulani umetimiza mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, kwa asilimia mia, umechimba mitaro siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya wananchi, umemjengea mjane nyumba, umeweka taa barabarani. Aliye Brussels, Dar es Salaam au Toronto huzisoma upesi, akafurahi au akaguna, kisha akaendelea na shughuli zake. Picha huwa za majembe, suruali zenye tope na viongozi waliovaa kofia. Hoja ya makala haya ni kwamba picha hizo zinaonyesha sehemu ndogo tu ya kazi ya umudugudu, tena si ile yenye nguvu. Mkuu wa umudugudu halipwi mshahara, kamati yake ya watu watano inafanya kazi ya kujitolea, na bajeti za maendeleo ziko ngazi za juu. Nguvu yake ni orodha: nani anaishi hapa, na nani, katika hali gani, na anastahili nini. Anayetaka kuelewa serikali ya Rwanda inavyomfikia mtu mlangoni aanzie kwenye daftari, si kwenye jembe.

Muundo wenyewe si wa zamani. Sera ya kugatua madaraka ilipitishwa mwaka 2000, na mwaka 2006 nchi ikachorwa upya. Mikoa 12, Kigali ikiwemo, ikawa minne na jiji, wilaya 106 zikapunguzwa hadi 30, na chini yake zikabaki imirenge 416, utugari 2,148 na imidugudu inayokaribia 14,800. Kwa msomaji wa Tanzania, umurenge unaweza kuulinganisha na kata. Akagari ndiyo ofisi ya chini kabisa yenye mtumishi wa mshahara, yule ambaye kila mtu anamwita gitifu. Na umudugudu, kwa Kigali angalau, ni mtaa. Ukigawa watu milioni 13.2 waliohesabiwa katika sensa ya 2022 kwa imidugudu hiyo, unapata wastani wa watu chini ya 900 kwa kila mmoja. Kwa Kigali, yenye watu milioni 1.7, wastani ni mkubwa zaidi, na wengi wao ni wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda. Hilo tutalirudia, maana ndipo daftari linapochanika.

Wapo watakaosema kwamba kuorodhesha watu mtaa kwa mtaa ni jambo ambalo Rwanda, kuliko nchi nyingine yoyote, ilipaswa kuliogopa. Hofu hiyo ina historia. Wakati wa Rais Habyarimana umuganda ulianzishwa mwaka 1974 ukawa wa kila wiki. Chama cha MRND kilichoundwa mwaka uliofuata kilimhesabu kila Mnyarwanda kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na chini kabisa walikuwepo nyumbakumi, wasimamizi wa kaya kumi kumi, waliojua nani amelala wapi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ujuzi huo ulitumika kutafuta watu wa kuuawa, na mauaji yakapangwa kama kazi ya umma. Kwa hiyo anayeona isibo ya leo, yaani kundi dogo la kaya ndani ya umudugudu lenye kiongozi wake, akasita, hajakosea kusita. Umuganda ulirudishwa mwaka 1998, safari hii Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na sheria ya 2007 ikawataja wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Lakini nchi ile ile iliyoumizwa na daftari ndiyo iliyokuwa na mamilioni ya watu wa kurudisha, kulisha, kutibu na kupatia makazi. Ilihitaji kujua nani yuko wapi, na hakuna njia ya kugawa msaada kwa haki bila kujua hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ubudehe. Ulipoanza mwaka 2001 wanakijiji walikutanika wakachora ramani ya mahali pao ardhini, nyumba moja baada ya nyingine, kisha wakajadiliana hadharani kila kaya iwekwe kundi gani. Makundi yalikuwa sita na yalikuwa na majina ya kawaida ya Kinyarwanda, kuanzia umutindi nyakujya, yule asiye na kitu kabisa, hadi umukire. Zoezi lilipongezwa, na mwaka 2008 likapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Sababu za pongezi zinaeleweka: jirani anajua kinachopikwa kwa jirani kuliko mtaalamu anayekuja na fomu siku mbili. Lengo la mwanzo lilikuwa watu wajitambue na kuamua pamoja mradi wa kijiji chao. Tatizo lilikuja serikali ilipoikuta orodha nzuri mezani na kuanza kuitumia kwa kila kitu.

Mradi wa VUP ulioanza 2008 ulichukua kutoka humo majina ya watakaopata kazi za umma na ruzuku. Girinka, mpango wa ng'ombe mmoja kwa kila kaya maskini ulioanza 2006, ulichukua humo pia, na unaihusu hata Kigali, kwa sababu jiji si mitaa ya kifahari ya Kimihurura na Nyarutarama peke yake: Gasabo ina Rutunga na Gikomero, ambako watu wanalima na kufuga. Mchango wa mituweli ukafuata madaraja. Baada ya makundi sita kufanywa manne mwaka 2015, aliye daraja la kwanza alilipiwa na serikali faranga 2,000, wa la pili na la tatu walilipa 3,000 kwa mtu, na wa la nne 7,000. Mikopo ya chuo kikuu nayo ikatazama daraja la wazazi. Hapo orodha iliyoanza kama mazungumzo ya majirani ikawa bei. Kaya ya watu saba ilipopandishwa kutoka la tatu hadi la nne, mchango wake uliruka kutoka 21,000 hadi 49,000 kwa mwaka bila mtu yeyote ndani ya nyumba kuongezewa kipato. Nani angeendelea kusema ukweli mkutanini kuhusu hali yake, au ya jirani anayempenda, bei ikiwa hiyo? Serikali yenyewe iliona, na baadaye ikatangaza kwamba madaraja ya ubudehe yasiwe tena kigezo cha kumpa au kumnyima mtu huduma.

Waliokuwa Kigali mwezi Machi 2020 waliona jambo hilo hilo kwa wiki chache. Nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona, kinyozi, mwendesha pikipiki na mama anayeuza ndizi kichwani walikosa riziki siku hiyo hiyo. Kabla mwezi haujaisha serikali ilikuwa inagawa mchele, maharage na unga nyumba kwa nyumba, na aliyesema nyumba gani ina njaa alikuwa mkuu wa umudugudu. Ukitazama kasi, ni nchi chache za eneo letu zilizoweza kufanya hivyo. Ukitazama haki, kuna mpangaji aliyehamia wiki mbili nyuma ambaye hakuwa ameandikwa popote, na kuna viongozi wa ngazi za chini waliokamatwa kwa tuhuma za kupendelea katika ugawaji. Mambo yote mawili yalitokana na daftari lile lile. Pasipo hilo, lori la unga lingesimama barabarani. Lakini alipolishika mtu mmoja bila wa kumuuliza, jina la shemeji liliweza kupanda juu.

Watetezi wa mfumo wana jibu: mkuu wa umudugudu anachaguliwa na wananchi, akipendelea watamwondoa. Ni kweli anachaguliwa, kama ilivyokuwa Oktoba 2021, na wagombea wa ngazi hii husimama kama watu binafsi, si kwa tiketi ya chama. Namna yenyewe ya kuchagua, hata hivyo, ni kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mkenya yeyote mwenye umri wa kutosha atakumbuka mlolongo wa 1988 na hatahitaji kuelezwa zaidi. Mahali ambapo mgombea anajua nani alisimama nyuma ya mwenzake, na kesho ndiye atakayeandika kaya zinazohitaji msaada, kura haiwezi kuwa kinga peke yake. Halafu kuna mvuto wa juu. Tangu 2006 wilaya husaini imihigo mbele ya Rais, mkataba wa malengo yanayopimwa na kutangazwa nani wa kwanza na nani wa mwisho, na malengo hayo hushuka ngazi kwa ngazi hadi umudugudu na hata kaya. Mtafiti Benjamin Chemouni, akiandika mwaka 2014, alieleza ugatuzi wa Rwanda kuwa umebuniwa na utawala unaojiona hatarini na unaotaka matokeo huku ukibaki na hatamu mkononi. Mimi nadhani maelezo hayo yanafaa hata zaidi kwa jiji. Sheria ya Kigali ya 2019 ilizivua wilaya tatu, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, hadhi ya kujitegemea kisheria, na kuweka baraza la watu 11 ambao 5 wanateuliwa na Rais. Gitifu anayebanwa na asilimia ya mituweli anamtazama bosi wake wa umurenge kwanza, na mwananchi baadaye.

Mtu asielewe kwamba matokeo ni ya karatasini tu. Mwaka 2005 watoto 152 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2019-20 walikuwa 45. Chanjo, vyandarua na mituweli vina sehemu yao, na wana sehemu pia wajanama wa afya, majirani waliochaguliwa na umudugudu wenyewe, wanaojua mama gani ana mimba ya miezi saba na mtoto gani ana homa tangu jana. Hiyo nayo ni orodha. Mkosoaji anayetaka umudugudu uache kuandika watu atuambie mjanama atamtafutaje mama huyo katika vilima vya Jali usiku.

Hoja nzito zaidi inatoka upande mwingine: kwamba kompyuta itamaliza mjadala. Irembo, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, ipo tangu 2015, huduma nyingi zinaombwa kwa simu, na rejista ya kaya inawekwa kwenye mfumo unaokokotoa hali ya familia kwa maswali ya paa, sakafu, mifugo na kazi. Upendeleo utatokea wapi kama mashine ndiyo inayopima? Utatokea pale pale ulipokuwa. Mashine haijui kama ng'ombe aliye zizini ni wa mwenye nyumba au amefugishwa tu. Lazima mtu aseme. Kijana anayepanga chumba Gatsata huku mfumo ukimhesabu kwa wazazi wake Nyamagabe hatahamia Gatsata kwa hesabu ya kompyuta, atahamia kwa mtu kumthibitisha. Mtandao umepunguza foleni na karatasi, na hilo ni jema, lakini maelezo bado yanaingizwa kutoka chini.

Rwanda imewahi kutengeneza orodha kubwa kwa njia nyingine, na cha kushangaza haitajwi sana tunapozungumzia imidugudu. Kati ya 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikishwa nchi nzima. Majirani walitembea pamoja kwenye mipaka ya mashamba, mpaka ukachorwa juu ya picha iliyopigwa kutoka angani huku wote wakitazama, na aliyedai kiwanja akapewa stakabadhi mkononi. Ubishi haukufichwa, uliandikwa kama ubishi, na kukawa na muda wa kupinga kabla hati haijatolewa. Haikuwa kazi safi kila mahali, na hati haikuwalinda watu wa Kangondo na Kibiraro, mtaa wa Kigali uliojulikana kama Bannyahe, waliohamishwa Septemba 2022 baada ya kesi ndefu kuhusu fidia. Lakini hata hao waliingia mahakamani wakiwa na kitu cha kushika. Waliweza kubishana juu ya fidia, si juu ya kama walikuwepo.

Kaya haina stakabadhi ya namna hiyo. Daraja la ubudehe mtu aliweza kulitazama kwa simu, ila sababu ya kuwekwa humo ni jambo jingine, na kuomba kubadilishiwa kulianzia kwenye umudugudu ule ule uliokuandika. Inteko y'abaturage, mkutano wa wananchi unaofanyika hasa Jumanne, inaweza kuwa mahali pa kusahihisha, na mara nyingine inakuwa. Ila mwanamke anayedai kwamba jina lake lilirukwa analazimika kusimama mbele ya majirani, mwenyekiti akiwa ndiye aliyeliruka, na maneno yake yakiisha hana karatasi ya kupeleka kwenye akagari wala umurenge.

Walio nje wana sehemu yao hapa, na si ya kutuma pesa za saruji tu, ingawa saruji ni nzuri. Wengi wana nyumba Kicukiro au Kanombe wanazozipangisha kwa kupitia ndugu, na mpangaji ndiye analipa pesa za irondo, yaani doria ya usiku, na za taka, ndiye anaitwa kwenye umuganda. Mkataba wa mdomo humwacha mpangaji huyo bila uthibitisho wowote kwamba anaishi pale; mkataba wa maandishi, wenye tarehe, unampa kitu cha kumwonyesha mkuu wa umudugudu wiki ya kwanza. Wengine wanalipia wazazi mituweli kila mwaka na kugundua kwamba malipo hayakamiliki kwa sababu kaya inasomeka na mtu wa sita, mjukuu aliyehama kitambo. Kumfuta mjukuu huyo kwenye orodha kunaanza kwa mkuu wa umudugudu. Mzee akienda, ni vizuri aombe ombi lake liandikwe na apewe nakala yenye tarehe.