FILIMBI YANGU ILIKOSA 'FE', NIKAUMBUKA HARUSINI!

Aibu zipo za aina nyingi. Kuna ya kukutana sokoni na mtu anayekudai. Kuna ya kujikwaa mbele ya wakwe. Halafu kuna hii yangu: kupuliza filimbi ya bati mbele ya umati, ukafika mahali sauti unayoitaka haimo kabisa ndani ya filimbi. Wee acha tu!

Ilikuwa harusi hapa hapa Kyela, mpunga umeshavunwa, watu wana vijisenti. Kwaya yetu imealikwa, kinanda kimegoma. Mwalimu akasema, "Kijana wa filimbi atatuongoza." Kijana wa filimbi ni mimi.

Ubeti wa kwanza bab kubwa, akina mama wakapiga vigelegele. Ubeti wa pili wimbo ukahama ufunguo. Wenzangu wakahama nao, mimi nikabaki na mlio kama wa mbuzi aliyekazwa kamba shingoni. Bwana harusi akacheka. Bibi harusi, ambaye kutwa nzima alikuwa kainamisha uso, naye akacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, ukija tena na filimbi hiyo, uje na sauti zote. La sivyo kaa kwenye besi." Msomaji, mimi besi sina. Maana yake nilikuwa nafukuzwa kwaya kwa lugha ya upole.

TATIZO LIKO WAPI?

Filimbi ya bati ina matundu 6. Mwingereza Robert Clarke alianza kuzitengeneza mwaka 1843, zikapendwa kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi. Ukiinua vidole kimoja kimoja kutoka chini unapata do, re, mi, fa, so, la, ti. Saba, basi.

Lakini kinanda, kutoka do mpaka do inayofuata, kina sauti 12. Kwa hiyo filimbi ina deni la sauti 5. Wanakwaya mnaosoma solfa, ule mtindo uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika miaka ya 1800, mnazijua. Kati ya fa na so kuna 'fe'. Kati ya la na ti kuna 'ta'. Wimbo ukihamia ufunguo wa so, ile 'fe' ndiyo inageuka 'ti' mpya. Ukiikosa, umeikosa nyumba nzima.

Nikajiuliza, mbona wengine waliweza? Miaka ya 1950 vijana wa Johannesburg walipiga kwela kwa filimbi hizi hizi za matundu 6, akina Spokes Mashiyane, na mwaka 1958 wimbo wa Tom Hark wa Elias Lerole na wenzake ukafika namba 2 kule Uingereza. Enzi hizo Wenela bado ilikuwa ikichukua vijana wa Unyakyusa kwenda kuchimba dhahabu huko huko. Na ukivuka Mto Songwe tu, Malawi alikuwepo Donald Kachamba (1953-2001), bingwa wa kwela aliyepiga hadi Ulaya.

Siri yao ilikuwa vidole na shavu. Mdomo wa filimbi waliuingiza ndani kwa kuulaza upande, sauti ikawa nene na wakaweza kuivuta juu au chini. Nusu sauti waliipata kwa kuziba tundu nusu. Hata wewe jaribu: piga fa, kisha inua nusu tu kidole cha tatu kutoka juu. Hiyo ndiyo 'fe'. Ukitaka 'ta', acha tundu la kwanza wazi, ziba la pili na la tatu.

Mimi nilijaribu wiki mbili. Wimbo wa polepole naipata. Wimbo wa mwendo kasi, kidole kinateleza, mbuzi anarudi.

NIKAENDA KWA FUNDI

Kuna mzee mmoja mjini anatengeneza saa, redio na baiskeli, yote kibanda kimoja. Nikamwambia, "Ugonile, tata." Akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza shida yangu, nikitegemea atanicheka. Wapi! Akaigeuza filimbi, akachungulia ndani kama daktari, akauliza, "Unataka sauti ngapi?"

"Zote tano, tata."

"Una vidole vingapi visivyo na kazi?"

Nikahesabu. Cha mwisho mkono wa kushoto, cha mwisho mkono wa kulia, basi. Gumba nazo zinashika filimbi isianguke. Akasema, "Basi chagua inayokuumiza zaidi."

Kumbe mzee alikuwa anarudia njia waliyopita Wazungu bila yeye kujua. Zile filimbi za kupulizia ubavuni za Ulaya, mwishoni mwa miaka ya 1600, ziliwekewa kibonyezo kimoja tu, cha ile nusu sauti inayofuata do ya chini kabisa, kwa sababu kuziba nusu ya tundu la mwisho ni kazi ngumu mno. Vingine vikaongezwa kidogo kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, William Bainbridge wa London alitengeneza filimbi za mdomo zenye vibonyezo kadhaa. Mwaka 1847 Theobald Boehm wa Munich akaisuka upya filimbi ya ubavuni, karibu kila sauti na tundu lake.

Mimi nikachagua 'fe'. Fundi akatoboa tundu dogo ubavuni, kati ya tundu la tatu na la nne. Juu yake akaweka kifuniko chenye mkono wa spoku ya baiskeli, chini ya kifuniko kipande cha ngozi ya kiatu, na kipande cha springi ya saa ya ukutani cha kukikandamiza. Ukibonyeza kwa kidole cha mwisho cha kushoto, kifuniko kinanyanyuka, hewa inatokea pale, 'fe' inalia.

Siku ya kwanza 'fe' ililia safi, lakini fa, mi, re na do zikakauka koo! Tundu lile liko juu ya sauti hizo zote, kwa hiyo ngozi ikivujisha hewa hata kidogo, zote za chini zinaugua. Fundi akacheka, akachomelea kipete bapa kwa lehemu kuzunguka tundu, ngozi ikapata pa kukaa. Siku ya tatu filimbi ikapona.

Najua kuna atakayesema, si ununue saksafoni yenye vibonyezo vyote? Ni kweli, hata Mashiyane aliishika saksafoni mwaka huo huo wa 1958. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na mfukoni mwangu mimi ilikuwepo filimbi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazoezini, nikasimama nyuma. Ubeti wa pili ulipofika nikabonyeza. Mwalimu alisimamisha mkono hewani. Akauliza, "Nani kapiga hiyo?" Nikanyoosha kidole, cha mwisho cha kushoto. Akasema, "Rudi mbele."

Kwa hiyo wewe mwenye filimbi yako huko Ipinda, Matema au Kasumulu, usikimbilie kuitoboa. Zoeza kwanza nusu kidole, ni bure. Kikikushinda, tafuta sauti moja inayokusumbua, uiwekee kibonyezo chake. Na fundi akimaliza, usianze kuipima ile sauti mpya. Ipime do ya chini. Ikilia vizuri, mlipe chake uende zako.

Mimi bado nadaiwa sauti nne. Nalipa kidogo kidogo.