Kamera Nayo Hubisha Hodi



Zamani familia ya mwambao ilipofunga safari kwenda bara ilikuwa na sababu inayojulikana: harusi, msiba, biashara, au kumzuru mwanazuoni. Siku hizi imezuka safari ya namna nyingine, nami siikatai. Shule zikifungwa, baba na mama na wana wao hupanda treni mpaka Nairobi, kisha wakachukua matatu hadi miji iliyo kando ya Mlima Kenya. Hawana kundi la watalii wala kampuni ya kuwapangia. Nia yao ni kuiona nchi waliyoumbiwa, na kurudi nyumbani na picha zake. Uraibu huu wa kupiga picha safarini umeenea hata kwa mabinti zetu, kwa kuwa kila simu sasa ina kamera. Kwa hiyo imenipasa nizungumze juu ya adabu zake, na nitashika mfano wa njia moja: ile inayotoka Embu, ikapita Chuka na Nkubu, mpaka Meru na Maua.

Njia hiyo ina mengi ya kutazamwa. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199, na tangu mwaka 1997 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Pande za juu za Embu ni mashamba ya chai; ukishuka kidogo unakuta kahawa; ukizidi kushuka unaingia Mbeere, nchi ya jua na maembe, inayoteremka hadi mto Tana. Hapo kuna mabwawa matano yanayozalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baina ya Nkubu na Meru barabara huvuka mstari wa Ikweta. Mbele yake kuna milima ya Nyambene, na chini yake Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966. Watu wa ng'ambo waliijua nchi hiyo kwa sababu ya simba jike mmoja, Elsa, ambaye Joy Adamson aliandika habari zake na kuzichapisha pamoja na picha nyingi mwaka 1960. Kaburi la simba huyo lingali hifadhini. Picha basi si kitu kidogo. Huweza kuitangaza nchi nzima.

Mwanga na saa za swala

Jua la Ikweta halina subira. Hupanda upesi, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mwanga hushuka kutoka utosini, ukaacha vivuli vyeusi machoni mwa watu na kuifanya ardhi ionekane imepauka. Mwanga mwema ni wa mapema na wa jioni. Mwenye kuiswali Alfajiri kwa wakati wake amekwisha kuamka kwa ajili ya picha iliyo bora. Tena upande huu wa mlima unaelekea mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huumulika uso wake wote, barafu na majabali. Mara nyingi ifikapo saa nne mawingu huwa yamekwisha kuufunika. Jioni jua huwa nyuma yake, na mtu hupata umbo jeusi tu mbele ya mbingu nyekundu; nalo lina uzuri wake. Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye anga safi zaidi. Julai na Agosti kwenye miteremko hii ni ukungu na manyunyu.

Ila machweo ya huku ni mafupi mno, na Magharibi nayo haingoji. Asikubali mtu picha imle swala yake. Kibla cha Embu na Meru ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Ukiswali Embu mlima u mbele yako upande wa kushoto. Ukiswali Meru u nyuma yako. Wafundisheni watoto jambo hili papo hapo, nao hawatausahau mlima wala kibla.

Kamera ghali si lazima. Futa kioo cha simu kwa kitambaa safi, uishike kwa mikono miwili, usivute kwa vidole kilicho mbali bali sogea karibu kwa miguu yako. Ukimpiga mtu picha na mbingu nyeupe nyuma yake, uso wake hutoka mweusi usiotambulika. Mwombe asogee kivulini, chini ya mti au barazani, hapo sura hutulia.

Kauli za wanazuoni

Najua wako watakaouliza hukumu yenyewe. Elimu ya jambo hili si ngeni kwa Waislamu: Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya 10, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manadhir jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza, na juu ya msingi huo kamera imejengwa. Picha za mwanzo zinazojulikana za Madina zilipigwa mwaka 1861 na Mwislamu wa Misri, Muhammad Sadiq Bey, aliyekuwa mhandisi wa jeshi. Wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuiruhusu, kwa hoja kwamba kamera haiumbi sura bali hukizuia kivuli cha sura aliyokwisha kuiumba Mola. Wengine, akiwemo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, walikaza ila kwa haja. Kila familia na ifuate mwalimu inayemwamini. Lakini wote hawakuhitilafiana katika hili: kwamba heshima ya mtu na sitara yake haziondolewi kwa sababu ya burudani ya mwingine. Na hapa ndipo penye neno langu la leo.

Sitara yetu na sitara yao

Sisi watu wa mwambao tunajua kuchunga. Katika harusi zetu upande wa wanawake, simu huzuiwa mlangoni. Na bibi harusi anayepigwa picha hujua nani mpigaji na picha zitalala wapi. Picha ikivuja, ni ugomvi wa ukoo mzima. Basi vipi binti yule yule aliyekabidhi simu yake mlangoni Jumamosi, akifika soko la Chuka Jumatatu, amwelekezee simu mama anayepanga ndizi zake, amevaa nguo za kazi na mtoto yu mgongoni, bila hata kumsalimu? Mama yule naye ni mke wa mtu na mama wa watu. Ikiwa si Mwislamu, sitara ni haki yake vile vile, kwani ni haki ya mwanadamu.

Suratun-Nur inatufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Nasema kamera nayo ni mguu unaovuka kizingiti, nayo haina budi kubisha hodi. Teremsha simu. Salimu kwanza, Meru watu husalimiana kwa kusema "Muga", na Kiswahili kinaeleweka kote. Nunua japo kitu kidogo, ila usifanye ununuzi kuwa bei ya sura ya mtu. Sema wewe ni nani, watoka wapi, na picha waitakia nini. Ukiruhusiwa, mwoneshe ulichopiga. Akisema futa, ifute mbele ya macho yake. Ukikataliwa, shukuru na uende. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi. Pipi haiwi ruhusa. Nchiru kuna jumba la mikutano la wazee wa Njuri Ncheke. Hapo nako huombwa idhini ya wazee kabla kamera haijatoka. Na mabwawa ya Tana hulindwa, kwa hiyo uliza askari kwanza.

Iko picha nyingine ambayo hodi yake haiitikiwi kamwe, ya maiti na majeruhi. Abiria wa Pwani waijua mteremko wa daraja la Nithi, kati ya Chuka na Meru. Julai 2022 basi lililokuwa likija Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali kama hizo zinapotokea, wako wanaotoa simu kabla ya kutoa mkono wa msaada. Aliyelala chini hana awezalo kusema. Haki yake imo mikononi mwa aliyesimama. Mfunike, usimpige picha.

Shamba la muguka

Sasa niseme jambo zito zaidi, kwa kuwa latuhusu sisi hasa. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha agizo hilo. Maneno makali yakapita baina ya Pwani na Embu. Mimi ni katika wanaoona kwamba muguka umewaharibu vijana wetu, na sibadili kauli hiyo. Lakini jani hilo hutoka Mbeere, kwenye ardhi kavu ambako zao lingine huweza kukauka, na wanaolichuma ni akina mama wanaolipa karo kwa hilo hilo.

Fikirini msafiri wa kwetu amekaribishwa katika shamba kama hilo. Amepewa kiti na maji ya kunywa, ameruhusiwa kupiga picha kwa sababu alisema anapenda mandhari. Akifika nyumbani anaituma picha ya mwenyeji wake, uso wazi, katika makundi ya simu, na chini yake ameandika kwamba hawa ndio wanaotuulia watoto. Hata kama hoja yake juu ya muguka ni ya haki, njia aliyoipitia ni khiana. Aliingia kwa hodi ya mgeni akatoka na ushahidi wa mshitaki. Ruhusa hupewa kwa nia iliyotajwa, na nia ikibadilika ruhusa imekufa. Anayetaka kusema juu ya muguka na aseme kwa hoja, mbele ya viongozi na mahakama, wala asimtundike mwanamke wa Mbeere aliyempa maji.

Tena nasema, pengine picha za safari hizi zingetusaidia. Wengi wetu hatumjui mtu wa Embu ila kwa jani lake, naye hatujui ila kwa ugomvi wetu. Familia iliyokaa naye, ikauliza majina, ikajua mvua ilikosa lini na maembe yake yanauzwa wapi, itarudi na maneno ya kusemea sulhu.

Picha zikifika nyumbani

Serikali nayo imeweka mpaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni habari zake binafsi. Haimbani anayeiweka nyumbani kwa matumizi ya familia. Lakini kuitangaza ni jambo jingine. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Na mwenye droni ajue kwamba anahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi idhini ya wenye hifadhi.

Kwa upande wetu wenyewe, mama na dada zangu, zimeni ile sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa, na msitume picha za safari mpaka mmekwisha kurudi. Anayetangaza kwamba yuko Meru ametangaza pia kwamba nyumba yake ya Mombasa haina mtu. Kabla binti hajatuma picha yake, aione kwanza mzazi; na aliye pembeni ya picha aulizwe pia.

La mwisho ni deni. Wasafiri wengi huwaahidi wenyeji kwamba watawapelekea picha zao, kisha wakasahau kabla hawajavuka Thika. Ahadi ni deni. Chukueni kijitabu, mwandike jina la mtu, kijiji chake na namba yake kama ameitoa kwa ridhaa. Mkirudi, chagueni picha zake mbili au tatu, mzichapishe studioni na kuzituma kwa basi kwa mtu anayemjua. Wapeni watoto kazi hiyo kabla shule hazijafunguliwa, na picha za mlima mzibakize kwa mwisho.

Wabillahi tawfiq.